Laptopu ya mtumba inagoma kuwaka? Kabla hujamkimbilia fundi, jua kwanza imegomea wapi



Leo tuongee kuhusu laptopu za mtumba. Wengi wetu tulianza na simu tu. Biashara ikakua, tukaona simu haitoshi: kuna picha za kuhariri, orodha ya wateja, hesabu za mzigo, risiti za kutoa. Ukaenda zako Kariakoo ukachukua laptopu iliyotumika ofisini huko nje. Hujakosea. Laptopu nyingi za ofisi ni ngumu kuliko zile mpya za bei chee. Shida inakuja siku inapogoma kuwaka na hujui uanzie wapi.

Mimi ilinikuta. Asubuhi moja nina oda kumi na moja za mikoani, mabasi ya parseli hayamsubiri mtu, na majina na namba za wapokeaji zote zimo kwenye laptopu. Nawasha, kioo cheusi, maandishi meupe: "No bootable device found". Nazima, nawasha tena, yale yale. Nikakimbia kwa fundi wa jirani. Hata hakuifungua. Akaniambia, "Dada, hadi diski imekufa hii. Tuweke nyingine, tupige Windows upya." Nikamuuliza, na data zangu? "Hizo sahau."

Kidogo nikubali. Kilichoniokoa ni kwamba siku ile sikuwa na hela. Nikarudi nayo nyumbani, jioni mdogo wangu anayesomea umeme akaja, tukakaa nayo taratibu. Diski ilikuwa nzima kabisa. Ubovu ulikuwa kwenye kidude cha bei ya soda chache tu. Nitakwambia ni kipi, lakini kwanza elewa hili, maana ndilo litakaloiokoa hela yako.

LAPTOPU HAIWAKI KWA HATUA MOJA

Ukibonyeza kitufe, kuna hatua nne zinapita:

1. Umeme unaingia. Taa zinawaka, feni inazunguka.
2. Laptopu inajikagua yenyewe: ramu, kioo, kibodi. Ikiridhika, nembo ya kampuni inatokea.
3. Inatafuta diski yenye Windows.
4. Windows inaanza kujipakia mpaka unaona picha yako ya mezani.

Kila hatua ina magonjwa yake. Ukijua imesimama hatua ya ngapi, umeshapunguza nusu ya kazi, na fundi hawezi kukuuzia diski wakati tatizo ni chaja. Kwa hiyo kabla hujagusa chochote, chukua simu, rekodi video laptopu inavyowaka. Piga picha ujumbe wowote unaotokea. Kisha chomoa kila kitu kilichochomekwa: flashi, printa, mausi, memori kadi. Flashi iliyosahaulika pembeni inaweza kuifanya laptopu itafute Windows mahali ambapo haipo, ikakwama hapo hapo.

HATUA YA 1: IMEKUFA KABISA, HAKUNA TAA

Anza ukutani. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ile ile uone kama kuna umeme. Usicheke, watu wameshalipa nauli mpaka kwa fundi kwa sababu ya ekstensheni iliyoungua.

Halafu angalia chaja yenyewe. Laptopu ya mtumba mara nyingi inauzwa na chaja isiyo yake. Geuza laptopu, soma chini imeandikwa volti ngapi na ampea ngapi, kisha linganisha na chaja. Volti lazima zilingane, kwa mfano 19.5V kwa 19.5V. Ampea za chaja ziwe sawa na za laptopu au zizidi, zisipungue. Laptopu inayotaka wati 90 ukiipa chaja ya wati 45, inaweza kuwaka kwa kusuasua, ikagoma kuchaji, au ikazima ikizidiwa na kazi. Kampuni nyingine zimeweka hata utambuzi wa chaja: ukichomeka isiyotambulika, inakuandikia onyo na inakataa kuchaji betri.

Chaja ikiwa sawa, jaribu kuondoa umeme uliobaki ndani:

- Chomoa chaja.
- Kama betri inatoka kwa nje, itoe.
- Bonyeza kitufe cha kuwashia, kishikilie kwa sekunde 30.
- Achia. Chomeka chaja peke yake bila betri, washa.

Ikiwaka bila betri, betri ndiyo mgonjwa. Zikiwa na betri ya ndani, fanya hivyo hivyo, tofauti ni kwamba betri inabaki ndani.

Onyo moja kubwa. Ukiona sehemu ya kuchezeshea mausi imenyanyuka, au laptopu haikai sawa mezani, betri imevimba. Zima, usichaji, usiibonyeze wala kuitoboa. Betri ya namna hiyo inaweza kushika moto. Hapo nenda kwa fundi siku hiyo hiyo, wala usilale nayo chumbani ikiwa kwenye chaji.

HATUA YA 2: TAA ZINAWAKA, FENI INAZUNGUKA, KIOO CHEUSI

Hapa wengi wanaambiwa "madabodi imeungua". Inawezekana, ila kuna vitu viwili vya kuangalia kwanza.

Cha kwanza ni kioo. Zima taa za chumba, mulika kioo kwa tochi ya simu kwa pembeni. Ukiona picha hafifu kwa mbali, laptopu inafanya kazi, ila mwanga wa kioo ndio umekufa. Au chomeka waya wa HDMI kwenye TV. TV ikionyesha, laptopu ni nzima. Tatizo ni kioo au waya wake. Na hapo hapo unaweza kuendelea na kazi kwenye TV mpaka upate hela ya kioo.

Cha pili ni ramu. Laptopu iliyosafiri kwenye kontena, ikarushwa rushwa kwenye mabegi, ramu yake inaweza kulegea au miguu yake kushika vumbi. Dalili yake ni kioo cheusi na mara nyingi milio ya bipu au taa inayopepesa kwa mpangilio. Hesabu hiyo milio au mipepeso na uiandike: kila kampuni ina maana zake, na hiyo namba ni lugha ambayo fundi mzuri anaielewa.

Kama una bisibisi na mkono uliotulia, chomoa chaja, toa betri (au chomoa waya wa betri ya ndani), gusa chuma ili umeme wa mwili utoke, kisha toa ramu. Futa ile miguu ya dhahabu taratibu kwa raba safi ya penseli, pangusa vumbi la raba, rudisha mpaka isikike imekaa. Zikiwa mbili, jaribu moja moja. Ikiwaka na moja na kugoma na nyingine, umempata mwizi. Laptopu nyembamba nyingine ramu imeunganishwa kwenye bodi moja kwa moja, hiyo usihangaike nayo. Na kama hujawahi kufungua laptopu, usianzie kwenye ile unayoitegemea kula.

HATUA YA 3: NEMBO INATOKEA, KISHA INASEMA HAKUNA DISKI

Hapa ndipo nilipokuwa mimi. Maneno yanatofautiana, "No bootable device", "Boot device not found", lakini maana ni moja: laptopu imetafuta Windows haijaiona. Haimaanishi kwamba diski imekufa. Inamaanisha haijaiona. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa.

Ingia kwenye mipangilio ya BIOS. Zima, washa, na papo hapo gonga gonga kitufe chake. Dell, Acer na Asus mara nyingi ni F2, HP ni F10, ThinkPad za Lenovo ni F1. Ukishaingia, tafuta mambo mawili.

Moja: je, diski inaonekana? Jina au ukubwa wake utakuwa umeandikwa. Ikionekana, pumua. Isipoonekana kabisa, huenda imelegea kwenye soketi yake, au waya wake umechoka, au kweli imekufa. Hadi diski ya kuzunguka ikiwa inatoa mlio wa "tik, tik, tik", zima hapo hapo. Kila unapoiwasha unapunguza nafasi ya kuokoa data.

Mbili: angalia tarehe na saa. Hiki ndicho kilichonifumbua macho. Laptopu yangu ilikuwa inasoma mwaka 2013. Mdogo wangu akasema, "Dada, hii imesahau kila kitu."

Maelezo yake ni haya. Ndani ya laptopu nyingi kuna betri ndogo ya duara kama sarafu. Kazi yake ni kuitunzia laptopu saa, na kwenye nyingi za zamani hutunza na mipangilio, wakati hakuna umeme mwingine. Yangu ilikuwa imekwisha. Betri kubwa nayo ilikuwa imechoka. Kwa hiyo nikiiacha kwenye chaja, mambo shwari. Umeme ukikatika usiku, betri kubwa inaisha, ile ndogo haina kitu, laptopu inasahau mipangilio na kurudi kama ilivyotoka kiwandani. Sasa Windows yangu ilikuwa imepigwa kwa mfumo wa zamani wa kuwaka, unaoitwa Legacy, na mipangilio ya kiwandani ilikuwa ya mfumo mpya, UEFI. Ndiyo maana diski ipo, Windows ipo, lakini laptopu inapita mlango mwingine.

Tulirudisha mpangilio kwenye Legacy, tukahifadhi, ikawaka. Faili zangu zote zipo. Kesho yake nikanunua ile betri ndogo. Nyingi ni aina ya CR2032 ya volti 3, ile ile ya baadhi ya mizani ndogo na rimoti, ila kwenye laptopu mara nyingi imefungwa na kiwaya chenye plagi. Nenda na ya zamani mkononi upewe inayofanana. Toka hapo umeme ukikatika haisahau tena.

Kwa hiyo kama laptopu yako ina tabia ya "ikikaa bila chaji inagoma, ikiwa kwenye chaji iko poa", na saa inakosea kila mara, shuku betri ndogo kwanza. Dalili nyingine: ukifungua kurasa za mtandaoni unaambiwa haziko salama, kumbe ni tarehe ya laptopu imerudi miaka nyuma.

Tahadhari: kabla hujabadili chochote kwenye BIOS, piga picha jinsi palivyokuwa. Kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker, mabadiliko ya huko yanaweza kufanya ikuombe ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo mara nyingi unahifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft. Kama akaunti ni ya mwenye laptopu wa zamani, una kazi. Kaguaneni mapema, laptopu ikiwa bado inawaka.

HATUA YA 4: WINDOWS INAANZA, KISHA INASTAKI AU INAJIWASHA UPYA

Inazunguka vidoti, inatoa kioo cha bluu, inarudi mwanzo. Afadhali hapa: vifaa vikubwa vinafanya kazi, na diski inaonekana.

Ikishindwa kuwaka mara mbili tatu mfululizo, Windows 10 na 11 huleta yenyewe ukurasa wa matengenezo. Usipokuja, iwashe, ikianza kuzungusha vidoti shikilia kitufe mpaka izime. Rudia mara tatu. Ukurasa ukija, fuata mpangilio huu:

- "Startup Repair": iache ijaribu kujitengeneza.
- "Uninstall Updates": kama ilianza kugoma baada ya kusasisha.
- "System Restore": kuirudisha siku iliyokuwa nzima. Faili zako binafsi haziguswi, programu ulizoweka karibuni ndizo zinaweza kuondoka.
- "Safe Mode": inawaka kwa kujibana. Ikiwaka hivyo, hamisha data zako zote kabla ya jambo lingine lolote.

Kitufe cha "Reset" kiache mwisho. Kina njia ya kubakiza faili na njia ya kufuta kila kitu, na mtu mwenye haraka hubonyeza isiyofaa.

Ikiwa inawaka vizuri halafu inajizima yenyewe baada ya dakika chache, na chini ni ya moto, shuku vumbi. Feni imeziba au ile dawa ya kupooza prosesa imekauka, kwa hiyo laptopu inajizima ili isiungue. Kusafisha na kubadili dawa ni kazi ndogo kwa fundi. Na wewe acha kuitumia juu ya godoro.

OKOA DATA KWANZA, LAPTOPU BAADAYE

Sikiliza, laptopu inanunulika nyingine. Orodha ya wateja wa miaka miwili hainunuliki. Neno "kupiga Windows" kwa mafundi wengi lina maana ya kufuta diski. Usiseme ndiyo mpaka data zimetoka.

Njia rahisi: diski itolewe, iwekwe kwenye kava la USB, ichomekwe kwenye laptopu ya mwenzako kama flashi. Kama diski ni nzima na haijafungwa, utaona faili zako. Njia ya pili ni kuiwasha laptopu kwa flashi yenye Ubuntu, ukachagua kuijaribu bila kuiweka, ukahamisha faili kwenye flashi nyingine. Hiyo haigusi Windows yako.

Na kumbuka, namba za simu na anwani za wateja siyo mali yako peke yako. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ukimwachia fundi laptopu usiku kucha na kila kitu kiko wazi, wateja wako ndio umewaacha pale. Ikiwezekana kaa naye, au mpe bila diski kama tatizo ni la umeme au kioo.

UKIENDA KWA FUNDI, SEMA HIVI

Usimwambie "imekufa". Mwambie: "Taa inawaka, nembo inatokea, inasema haioni diski. Nimeingia BIOS, diski inaonekana, tarehe inarudi 2013." Mwonyeshe video. Fundi mzuri atafurahi, umemrahisishia kazi. Mbabaishaji atajua huyu siyo wa kudanganywa.

Kisha makubaliano matatu kabla hajaifungua: asifute chochote bila kukuuliza, akuambie bei kabla ya kutengeneza, na kila kifaa anachotoa akurudishie mkononi. Andika namba ya ramu na diski, au zipige picha.

UNAPONUNUA NYINGINE, USIONDOKE DUKANI BILA HAYA

- Waambie wachomoe chaja. Iwashe kwa betri peke yake, izime, iwashe tena mara tatu. Dukani huwa inakaa kwenye chaja siku nzima, ndiyo maana yangu haikuonyesha ugonjwa.
- Angalia saa na tarehe.
- Ingia BIOS. Ikikuomba nenosiri la ofisi iliyokuwa inaimiliki, waiondoe mbele yako au achana nayo.
- Soma chaja na laptopu, zilingane.
- Uliza kama inapokea Windows 11. Microsoft ilisitisha masasisho ya bure ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za mtumba za zamani hazikidhi masharti ya 11.
- Chukua risiti yenye namba ya laptopu na siku za dhamana. Risiti inakukinga pia na mali ya wizi.

Zile oda kumi na moja? Siku ile nilikaa na simu nikaanza kupekua chati moja moja kutafuta majina. Saba zikaondoka, nne zikalala. Mteja mmoja wa Songea alikuwa anasubiri nguo za sherehe ya Jumamosi, zikamfikia Jumatatu. Nilimrudishia hela yake, lakini hajanunua tena kwangu. Hasara ya kweli ilikuwa hiyo, kuliko hata bei ya laptopu.

Sasa hivi kila jioni kabla sijafunga kazi, orodha ya oda za kesho naipandisha Google Drive, na nyingine naiandika kwenye daftari la kawaida. Dakika tano tu. Fanya leo, laptopu yako ikiwa bado inawaka.

Ukiwa na mwenzako anayehangaika na laptopu yake, mtumie hii. Na kama yako imegoma, tuandikie hapa chini imesimama hatua ya ngapi, tusaidiane.